ALT na AST zimekuja juu? Isome hivi karatasi yako

Wadau wa Tanga, umepima damu ukakuta ALT na AST (vimeng'enya vinavyopimwa kuangalia hali ya ini) zimezidi, usikimbilie dawa ya kusafisha ini kwanza. Angalia kiwango cha kawaida kilichoandikwa kwenye karatasi yako wewe, kila maabara ina chake, nyingi zinaishia karibu na 40. Ukiwa na 60 hivi na hujisikii vibaya, mara nyingi daktari atarudia kipimo baada ya wiki kadhaa, ila ikiwa mia kadhaa au elfu hiyo usingoje.

ALT inatoka zaidi kwenye ini, AST ipo hadi kwenye misuli, so kama jana yake ulishinda bandarini unabeba magunia mwambie daktari, inaweza kupandisha zote mbili. AST ikiwa mara 2 ya ALT utaulizwa pombe, na tembo la mnazi ni pombe, usijifanye haumo.

Andika kila unachomeza: panadol (mtu mzima, vidonge vya mg 500 visizidi 8 kwa siku), dawa za TB, ARV, na ile mitishamba ya chupa ya Ngamiani ambayo watu ndo wanaificha sana. Ila dawa za TB au ARV usiache mwenyewe.

Ulizia kipimo cha homa ya ini B na C, sukari, na ultrasaundi hasa kama una kitambi, mafuta kwenye ini yanawapata wengi tu.

Macho ya njano, mkojo kama chai ya rangi, kutapika mfululizo au kuchanganyikiwa, nenda hospitali ya Bombo leo leo.