Namna ya kuigiza msingiziaji kwenye mchezo wa kesi za uchawi, watazamaji wamuone muongo badala ya kumwamini

Kama mna kikundi cha maigizo na mmepanga kucheza The Crucible ya Arthur Miller, mchezo wa kesi za uchawi za Salem, Marekani, au mnatunga mchezo wenu wenyewe wa kesi za uchawi, ngoja niwape tuliyojifunza hapa Bagamoyo kwa kuharibu kwanza. Tulikuwa tunafanya mazoezi jioni uwanjani, chini ya mwembe, watu wanatoka soko la samaki wanasimama kuangalia, tukafika ile sehemu ya mahakamani wasichana wanapoangalia juu na kudai kuna ndege anataka kuwashukia. Binti aliyecheza Abigail, kiongozi wa wale wasichana waongo, ana kipaji jamani, kakodoa macho kwenye tawi, katetemeka, mpaka mi dairekta mwenyewe nikageuka kuangalia huko juu. Watoto wakatimua mbio. Mama mmoja mwenye beseni la samaki kichwani akasema, "Msomeeni huyo mtoto, kashikwa huyo." Tukajipigia makofi tukajiona tumefika. Kumbe tumefeli vibaya, maana mchezo wote unataka yule mama aone binti anaongopa, na yeye kaondoka anaamini mwembe wetu una jini.

Hapo ndo penye kazi kwa sisi watu wa huku. Mchezo ulipoanza New York mwezi wa kwanza 1953 watazamaji walielewa moja kwa moja kwamba anasemwa nani, zilikuwa enzi za seneta McCarthy na msako wa wakomunisti, na mwaka 1956 Miller mwenyewe akaitwa mbele ya kamati ya bunge la Marekani akagoma kutaja majina ya wenzake. Huku kwetu mtazamaji anaweza kuwa amekaa hapo na hirizi yake kiunoni. Uongo wa uchawi unaaminika hata ukiigizwa ovyo, kwa hiyo msihangaike kuufanya ufanane na ukweli, hangaikeni kuonyesha unavyoshonwa, uzi kwa uzi.

Anzeni na faida. Kabla hata hamjasimama kwenye staji, kila mwigizaji aseme kwa mdomo wake mhusika wake anapata nini huu uongo ukiaminika. Abigail anaogopa viboko kwa kucheza msituni usiku, na pia anamtaka John Proctor, mume wa Bi Elizabeth. Putnam, tajiri wa kijiji, anataka mashamba. Mchungaji Parris anaogopa kufukuzwa kazi. Mary Warren ni hausigeli tu wa kina Proctor, maisha yake yote anatumwa na kufokewa, leo ghafla anakaa na mahakimu na anasikilizwa, we unadhani ataacha? Na Danforth, hakimu mkubwa, huyu wengi wanamcheza kama shetani na wanakosea, yeye kwenye mchezo anasema karibu watu 400 wako gerezani kwa saini yake na 72 wamehukumiwa kunyongwa, sasa leo akikubali kwamba watoto wanadanganya, zile saini atazipeleka wapi? Mwigizaji akishalishika hilo hahitaji kukunja sura wala kunguruma.

Sehemu ya Tituba ifanyieni zoezi peke yake, mi naipenda kuliko zote. Tituba ni mtumwa kutoka Barbados, wanamtishia kamba, wanamuuliza alimuona nani na shetani. Soma vizuri utaona Putnam ndo anayetaja majina mwanzo, anamuuliza Sarah Good ulimuona? Osburn je? Mistari michache baadaye Tituba "anakumbuka" nani? Good na Osburn! Yaani swali lilikuja na jibu lake mfukoni. Zoezi lenyewe liko hivi: watu wawili wanakaa kwenye mkeka, muulizaji anaruhusiwa kuuliza maswali yenye jibu ndani tu ("alikuwa kavaa nyeusi, eti?"), na anayejibu haruhusiwi kuongeza neno lolote ambalo hajapewa. Dakika tano tu utapata mchawi kamili mwenye nguo, jina na mtaa anaokaa, na hakuna aliyejiona amedanganya. Kijana wetu mmoja wa kutoka Tanga alipomaliza zoezi akasema hivi ndo alivyoona lambalamba, wale wasaka wachawi, wanavyofanya kijijini kwao, wanauliza watu wenyewe kisha wanawarudishia majibu. Wakati wa kuicheza, Putnam ayataje yale majina taratibu, halafu Tituba amwangalie usoni anapoyarudisha. Watazamaji wataunga wenyewe.

Na mkumbushe waigizaji kwamba kuongopa pale kulikuwa na malipo ya uhai kabisa. Salem ya kweli, 1692, waliokiri uchawi hawakunyongwa, walionyongwa ni waliokana, watu 19, na mzee Giles Corey akagandamizwa kwa mawe mpaka akafa kwa sababu aligoma kujibu kesi. Ila msichanganye historia na mchezo mnapoongea na watu, kwenye mchezo Abigail ana miaka 17, yule wa kweli alikuwa na kama 11, na John Proctor wa kweli alikuwa mtu mzima wa karibu 60. Yale mapenzi ni Miller kayatia.

Sasa mdoli. Kama kuna sehemu mtazamaji wetu anaielewa bila kufafanuliwa ni hii, maana ni kubambikiwa kesi tu. Mary anashona mdoli akiwa mahakamani, anaichomeka sindano humohumo asiipoteze, Abigail yuko pembeni anaona, jioni Mary anampelekea Bi Elizabeth kama zawadi, na usiku huo Abigail anaanguka mezani na sindano tumboni. Karani anakuja, anakuta mdoli nyumbani kwa watu una sindano tumboni, kesi imeiva. Tatizo ni kwamba mtazamaji asipoiona ile sindano mapema, baadaye atasema "eeh, kumbe kweli Bi Elizabeth ana mambo yake." Sisi tuliacha sindano ya kawaida na mtu wa mstari wa pili tu hakuiona. Tumieni shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, tieni uzi mwekundu mrefu uning'inie. Mary akiingia aushike mdoli kichwani, tumbo liangalie watazamaji, asimame hapo kidogo aseme maneno yake ndo ampe mwenyewe. Hujaongeza hata neno moja kwenye skripti, lakini watu wote wameshakuwa mashahidi wa upande wa Bi Elizabeth. Karani atakapoukuta utasikia watu wanaguna huko nyuma, mmoja kwetu alisimama kabisa akasema "sio wake huo!"

Turudi kwa ndege. Tulibadilisha sekunde tatu tu. Abigail haanzi kulia hivihivi, anaanza pale Mchungaji Hale, aliyeitwa kuchunguza uchawi, anapomnyooshea kidole kwamba huyu ndo muongo na hakimu anaanza kuyumba. Kwa hiyo baada ya kidole, binti asipige kelele. Amwangalie hakimu. Aangalie mlango. Awaangalie wenzake mmoja mmoja kama mtu anayehesabu chenji. Halafu ndo apandishe macho juu. Zile sekunde tatu ndo mtazamaji anamkamata, anaona kabisa mtu anaamua. Alafu wale wasichana wengine wasiangalie juu kwa pamoja kama gwaride, hapana, wa kwanza adake, wa pili achelewe, na yule mdogo kabisa aangalie kona siyo, amtupie jicho Abigail kujua ndege yuko upande gani, kisha ahame. Hako kakosa kadogo kanafanya kazi kuliko taa zote za staji.

Wasichana wakianza kurudia neno kwa neno maneno ya Mary, ambaye sasa kawageuka na kusema walikuwa wanajifanya, fanyeni kama kuitikia ngoma, nyie watu wa Pwani hamfundishwi hilo. Abigail ndo anayeanzisha, wengine wanadaka. Mara ya kwanza wachelewe kidogo, ya pili wakaribie, ya tatu iwe sauti moja, na msiongeze sauti, ongezeni mwendo. Mary akianza kulia nao ndo mnakuwa mmefika. Ile jioni tulipofanya hivi yule mama wa samaki alikuwepo tena, safari hii kaweka beseni chini kabisa, na msichana mdogo alipohamisha macho akacheka kwa nguvu, "Kaongo hako! Kanaibia!" Nikajua sasa tunaenda.

Mtego mwingine uko kabla ya hapo, Mary anapoambiwa na mahakama azimie kama alivyokuwa anajifanya kuzimia, na hawezi. Waigizaji wengi wanacheza kama mtu anayekataa. Hapana, ajaribu kweli, afumbe macho, avute pumzi, asubiri, kisha afumbue akute yuko palepale amesimama na watu wazima wanamwangalia. Msimharakishe. Kwa Bi Elizabeth sina mengi, ni mwanamke asiyejua kudanganya anayeongopa mara moja tu kumlinda mumewe, anapoulizwa kama alizini na Abigail, na ndo anammaliza, maana mume keshakiri. Mume na Abigail wampe mgongo kama ilivyoandikwa, na yeye aseme "hapana" kwa sauti ndogo.

Halafu kuna ya kuangalia nje ya staji. Anayeigiza mshukiwa msimpake macho mekundu wala msimvalishe afanane na bibi yeyote wa mtaani. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni tu. Kama mnatunga wenyewe, msingiziaji wenu mpeni adabu zote za kwetu, shikamoo kwanza, kisha "mie sina neno na mtu, lakini...", maana huku fitina haiji inakimbia, inakuja imevaa kanga inabisha hodi. Majina ya wahusika yasiwe ya majirani. Kumtangaza mtu kuwa mchawi ni kosa kwenye Sheria ya Uchawi ya 1928, Mwingereza alituachia na bado ipo, na sidhani mnataka kwenda kumueleza mwenyekiti wa mtaa kwamba mlikuwa mnaigiza. Na kwa The Crucible ombeni kibali cha wenye haki kabla ya kuuza tiketi, Miller kafariki 2005 tu, haki bado zina mwenyewe. Historia ya Salem yenyewe ni bure.

La mwisho, mkimaliza hesabuni vifaa, hasa midoli. Tulikuwa nayo miwili, mmoja wa mazoezi, tukaondoka usiku tumechoka mmoja ukabaki chini ya mwembe na shazia lake tumboni na ule uzi mwekundu. Saa kumi na mbili asubuhi napigiwa simu, nakuta watu kama ishirini wameuzunguka, hakuna anayeugusa, na tayari yametajwa majina mawili ya kina mama wa nyumba ya jirani. Nilishinda hapo mpaka saa nne naufumua mbele yao, natoa pamba, naonyesha lebo ya kitambaa cha duka, na bado mzee mmoja akaniuliza, "Sawa mwalimu, wa kwenu huo. Na wa jana nani kauweka?"