Kuwafuga mbuna pamoja bila kuuana: hatua kwa hatua

Mbuna ni samaki wa miamba ya Ziwa Nyasa. Dume hujichagulia mwanya kati ya mawe, akashinda kutwa akiulinda, na yeyote anayefanana naye akisogea anakiona cha moto. Ziwani, anayefukuzwa huogelea mita chache tu, ugomvi ukaisha. Ndani ya tangi hana pa kwenda, ndiyo maana wafugaji wengi hukuta samaki amechanwachanwa mapezi, au amekufa kabisa. Tabia hii haifutiki. Kinachowezekana ni kuugawa ubabe, ili kipigo kisimwangukie mmoja na sakafu yote isimilikiwe na mmoja.

Hatua ya 1: Pima sakafu ya tangi kabla ya lita

Samaki hawa hugombea mawe, na mawe yako chini. Tangi refu la kwenda juu linaweza kuwa na lita nyingi na bado likawa na sakafu ya dume mmoja tu. Tafuta lenye urefu wa sentimita 120 na upana wa 40 au zaidi. Hilo litachukua lita 200 na kitu. Tangi la sentimita 60 halifai mbuna, hata wakiwa watatu.

Hatua ya 2: Mawe kwanza, mchanga baadaye

Mbuna wanachimba bila kuchoka. Jiwe lililokalia mchanga litachimbwa chini yake mpaka liporomoke, limponde samaki au lipasue kioo. Kwa hiyo tandika karatasi nene ya plastiki juu ya kioo cha chini, panga mawe hadi yatulie yasitikisike, kisha ndipo umwage mchanga kuyazunguka.

Panga marundo mawili au matatu yaliyoachana, yapande hadi karibu theluthi mbili ya kimo cha maji. Mianya iwe mingi kuliko samaki, na kila mwanya uwe na njia mbili za kutokea. Shimo lenye mlango mmoja ni mtego: anayekimbilia humo hufuatwa na kubanwa humohumo.

Halafu chuchumaa, uchungulie kwa ubavuni. Ukiona moja kwa moja mpaka ubavu wa pili, ongeza mawe katikati. Dume hamfukuzi asiyemwona, na jiwe moja lililokaa mahali pake laweza kuzaa maeneo mawili palipokuwa na moja.

Hatua ya 3: Maji na filta

Tangi la mbuna hujazwa samaki wengi kidogo kuliko kawaida, kwa sababu utakazoziona hatua inayofuata, kwa hiyo filta iwe na nguvu: izungushe maji yote walau mara sita kwa saa. Iache ikomae kwanza. Bakteria wanaovunja amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) huhitaji takriban wiki 4 hadi 6 kujijenga, na samaki wasiingie mpaka amonia na nitriti, sumu ambayo amonia hugeuka kuwa, zote zisome sifuri kwenye kipimo. Maji yawe magumu, yaani yenye madini mengi, pH (kipimo cha uasidi na ualkali) kati ya 7.8 na 8.6, joto nyuzi 25 za Selsiasi. Joto likizidi sana hapo, hasira nazo hupanda. Badilisha theluthi moja ya maji kila wiki.

Hatua ya 4: Chagua samaki kwa hesabu

Hapa ndipo tangi hufaulu au huharibika, nami naona makosa mengi huanzia dukani, kwa kununua wawili wa aina hii na wawili wa ile kwa kuwa rangi zinavutia. Wawili wawili ndiyo hesabu mbaya kuliko zote. Dume ana jike mmoja tu wa kumsumbua, atamsumbua mpaka afe.

Tangi la sentimita 120 litoshe kwa aina mbili au tatu, jumla samaki 15 hadi 20. Kila aina iwe na dume mmoja kwa majike watatu au wanne. Wakiwa wadogo ni vigumu kuwatambua, basi nunua vifaranga wanane wa kila aina, wakue pamoja, kisha uyatoe madume ya ziada kadiri yanavyojitokeza.

Epuka aina zinazofanana, kwani dume humwona mwenye rangi na milia kama yake kuwa mshindani, hata kama si wa aina yake. Tena zinazokaribiana huzaliana, ukabaki na machotara. Labidochromis caeruleus, yule wa njano, ni mpole kwa kulinganisha na wenzake, mzuri wa kuanzia. Melanochromis auratus mwache kabisa kama ndiyo kwanza unaanza. Chindongo demasoni ana kanuni yake: dume na jike wanafanana, wote wana milia, wote ni wagomvi. Weka 12 au zaidi, au usiweke hata mmoja.

Hatua ya 5: Waingize pamoja

Ikiwezekana siku moja, kabla mtu hajajitangazia himaya. Isipowezekana, wapole watangulie na wababe waje mwisho. Ukiongeza wageni baadaye, watenge kwanza wiki 3 au 4 kuangalia magonjwa, kisha uhamishe mawe ili wenyeji wote wapoteze mipaka yao, uzime taa, ndipo uwaachie. Wawe kadhaa kwa mpigo. Mgeni mmoja peke yake atashambuliwa na tangi zima.

Hatua ya 6: Chakula

Chakula cha mwani, kama spirulina, kidogo kidogo mara mbili kwa siku, kikitupwa pande mbili kwa wakati mmoja. Nyama usiwape, utumbo wao mrefu haukuumbwa kwa hiyo, na matumbo huvimba.

Hatua ya 7: Mtambue mbabe

Kufukuzana kwa sekunde chache ni kawaida. Cha kutisha ni samaki anayening'inia pembeni juu ya maji, mapezi ameyabana, chakula hakifuati. Huyo mtoe leo, usingoje kesho. Lakini ukimtoa yeye tu, kesho kipigo kitamhamia mwingine. Mbabe naye mtenge wiki moja au mbili, panga mawe upya, ndipo umrudishe akiwa hana eneo. Akirudia, mtafutie tangi jingine. Mara nyingine dume wa pili kwa cheo hugeuka mkali kuliko aliyeondolewa, kwa hiyo siku hizo tazama kwa karibu.

Jike mwenye mayai mdomoni huyabeba takriban wiki 3 bila kula sawasawa. Akiandamwa, mhamishie tangi dogo lenye maji yaleyale, na akishawatema watoto mlishe vizuri siku kadhaa kabla hajarudi. Mrudishe taa zikiwa zimezimwa, kama ulivyofanya kwa wageni, maana wenzake watampokea kama mgeni.