Maneno ya mahakamani yanayokuponza kwa sababu unadhani unayajua

Mimi ni msaidizi wa kisheria, meza yangu iko Mwanjelwa, Mbeya. Watu huniletea karatasi zilizokunjwa mara nne, na nimegundua kitu kimoja: neno gumu haliwaponzi, kwa sababu wakilikuta huuliza. Linalowaponza ni neno la nyumbani. Mama mmoja wa Uyole alishinda kesi ya deni la viazi, akaja amevaa kitenge kipya kuuliza tuzo yake atakabidhiwa lini. Kwenye karatasi alikuwa ameandikwa "mshinda tuzo". Ilibidi nimweleze taratibu kwamba tuzo ya mahakamani ni maandishi tu, yanayosema hukumu imempa nani haki gani. Fedha hazisogei mpaka mdaiwa alipe mwenyewe, au mama aombe kukazia hukumu, yaani mahakama imlazimishe mdaiwa kulipa. Huko ndiko dalali wa mahakama anakoingia.

Basi chukua kalamu ya risasi (si ya wino, karatasi yako ya mahakamani inaweza kuhitajika kama kielelezo) tuisome pamoja.

Hatua ya 1: Anza juu kabisa. Soma jina la mahakama: Mwanzo, Wilaya, Hakimu Mkazi au Kuu. Kisha tazama kama ni "Shauri la Madai" au "Kesi ya Jinai". Kwenye madai hutafutwa haki au fidia. Kwenye jinai hutafutwa hatia na adhabu. Neno shauri lenyewe lina umri. Wajerumani walilichukua wakaliandika Schauri, wakimaanisha vikao vya kusikiliza wenyeji bomani. Kwa hiyo ukiambiwa una shauri mahakamani, hakuna anayekupa ushauri.

Hatua ya 2: Jitafute. Hapa Kiswahili kimetuhurumia kwa silabi moja, -wa. Mdai na mdaiwa, mrufani na mrufaniwa: mwenye -wa ndiye aliyefuatwa. Kwenye maombi utakuta "mleta maombi" na "mjibu maombi", hayo yanajieleza.

Upande wa jinai kuwa mwangalifu zaidi. Mtuhumiwa anashukiwa tu. Mshtakiwa ameshafunguliwa shtaka. Mahabusu yuko ndani, lakini kesi yake haijaisha. Mfungwa ametiwa hatiani na kupewa kifungo. Nimeshuhudia ukoo mzima ukigombana kwenye kundi la WhatsApp kwa sababu shangazi aliandika "kijana wetu ni mfungwa", wakati kijana alikuwa mahabusu akisubiri wadhamini.

Hatua ya 3: Zungushia kitenzi kilicho karibu na tarehe. Hiki ndicho kinachokula nauli za watu. "Kutajwa" maana yake mahakama inaangalia kesi imefikia wapi; mashahidi hawatoi ushahidi siku hiyo. "Kusikilizwa" ndiyo siku yao. Mzee mmoja alitoa mashahidi wawili Makete hadi hapa mjini, akawalipia na chakula, kumbe kesi ilikuwa inatajwa. Wewe mwenye kesi fika siku zote mbili. Mdaiwa asipotokea siku ya kusikilizwa, shauri linaweza kuendelea kwa upande mmoja.

Hatua ya 4: Maneno ya akili. Hapa punguza mwendo, kwa sababu daktari na hakimu hutumia maneno yanayofanana kwa kazi tofauti.

Daktari atasema sonona, kiwewe, skizofrenia. Hakimu hatosheki na jina la ugonjwa. Anataka kujua ugonjwa huo ulimfanya nini mtu saa ile ya tendo. Kwanza, kila mtu huchukuliwa kuwa na akili timamu hadi ithibitishwe vinginevyo. Kisha kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu kinauliza: ugonjwa ulimfanya asielewe anachokifanya? Au asitambue kwamba hapaswi kukifanya? Au ashindwe kujizuia? Maswali mawili ya mwanzo asili yake ni London, mwaka 1843, baada ya Daniel M'Naghten kumpiga risasi Edward Drummond, katibu wa waziri mkuu Robert Peel. La kujizuia majaji wa Uingereza waliotunga maswali hayo hawakuliweka. Ni nyongeza ya kwetu, na mimi naona ni nyongeza ya maana. Ndiyo maana cheti cha kliniki peke yake hakimalizi kesi. Na hata mtu akionekana hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili, familia isikodi gari la kumrudisha nyumbani. Anaweza kupelekwa Isanga, Dodoma, kituo cha wagonjwa wa akili wenye kesi za jinai.

"Nia ovu" nayo watu huidhania chuki. Siyo. Kwenye kesi ya mauaji, kujua kwamba kitendo chako huenda kikaua kunaweza kutosha, hata kama marehemu alikuwa rafiki yako. Na "kughadhibishwa" si hasira yoyote tu. Lazima iwe ya ghafla, na mtu awe ametenda kabla damu haijapoa. Tusi la wiki iliyopita halihesabiki.

Kwenye karatasi za zamani utakutana na "mwendawazimu", neno lenye mazimu na mapepo ndani yake. Usilinakili kwenye maombi yako mapya. Andika mgonjwa wa akili. Sheria yenyewe tangu 2008 inaitwa ya Afya ya Akili.

Hatua ya 5: Karatasi za babu. Ukikuta hati ya shamba inayotaja baraza la chifu, usiitupe ukidhani haina maana. Mahakama za wenyeji zilifutwa na sheria ya 1963, lakini karatasi yake bado inaweza kusaidia kueleza historia ya ardhi. Iweke kwenye mfuko wa nailoni.

Hatua ya 6: Mwisho wa uamuzi. "Kuondolewa" kwa kawaida ni kasoro ya utaratibu, unaweza kurekebisha na kurudi. "Kutupwa" ni kizito zaidi, mara nyingi njia inayobaki ni rufaa. Ukitaka rufaa utaomba nakala ya hukumu na ya "mwenendo", ambao si tabia yako bali kumbukumbu za yote yaliyosemwa mahakamani.

Sasa tafuta tarehe ya hukumu. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya una siku 30. Hesabu kwenye kalenda, andika siku ya mwisho kwenye kona ya karatasi, kisha uje kuniona mapema, si siku ya 29 jioni.