Kutabiri muda wa safari ya hiace kutoka Sakina hadi Tengeru, mkoani Arusha, kwa ujifunzaji wa mashine (kompyuta kujifunza kutokana na data)

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uhandisi wa usafirishaji mwenye kompyuta ya kawaida na Python, lugha ya kuandikia programu. Pakua pia pandas ya kupanga data na scikit-learn ya kufundisha modeli. Zote ni za bure.

Hatua ya 1: Pata data kwa ridhaa. Kaa na wenye magari na madereva, waeleze unachotafuta, ndipo ufunge vifaa vya GPS. Kifaa kinachorekodi kila sekunde 10 kwa saa 14 hutoa nukta 5,040 kwa siku, kila nukta ikiwa mahali gari lilipo na saa yake. Magari 20 kwa siku 30 yanapita nukta milioni 3, kwa hiyo Excel haitatosha. Namba za magari zigeuze misimbo, kisha futa nukta za karibu na nyumbani kwa dereva. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu, na dereva aliyekuamini hastahili kufuatiliwa hadi mlangoni kwake.

Hatua ya 2: Rekebisha saa na ramani. GPS hutumia saa za UTC, yaani saa za kimataifa, nasi tuko mbele kwa saa 3. Saa moja asubuhi, abiria wanapogombania magari, faili litaandika 04:00. Geuza pia digrii ziwe mita kwa UTM, mfumo wa ramani unaopima kwa mita, kanda ya 37 Kusini (namba yake kwenye programu ni EPSG 32737).

Hatua ya 3: Safisha. Hapa ndipo utafiti wenyewe ulipo, usiharakishe. Nukta zinazoruka kwa kasi ya kilomita 200 kwa saa ni rahisi kuziondoa. Kazi ngumu ni hiace iliyosimama. Imekwama kwenye foleni Sanawari, au inasubiri kujaza abiria kituoni? Kwenye data zinafanana kabisa. Chora duara la mita 50 kuzunguka kila kituo, pima muda wa kusimama ndani yake na utenge na muda wa njiani. Kisha panda gari, ukae karibu na konda, uandike kila linaposimama na sababu yake. Ukiruka hili, utaripoti foleni mahali ambapo hakuna foleni, na mhandisi anaweza kupanua barabara isiyohitaji kupanuliwa.

Hatua ya 4: Ongeza unachokijua kama mwenyeji. Saa, siku ya wiki, mvua, likizo za shule. Soko la Tengeru la Jumatano na Jumamosi lipe safu yake kwenye jedwali la data. Kompyuta haijui habari za gulio mpaka uiambie.

Hatua ya 5: Gawa data kwa tarehe. Wiki tatu za mwanzo za kufundishia, ya mwisho ya kupimia. Ukichanganya nukta ovyo, safari moja itaangukia pande zote mbili, na modeli, yaani kanuni ambayo kompyuta imejifunza kwenye data, itafaulu mtihani ambao majibu yake ilishayaona.

Hatua ya 6: Shindanisha. Anza na wastani wa muda kwa kila saa na siku. Kisha jaribu random forest, mbinu ambayo Leo Breiman aliichapisha mwaka 2001: miti mingi ya maamuzi, jibu likiwa wastani wa majibu yake. Pima makosa kwa dakika. Modeli isipoushinda ule wastani wa kawaida, andika hivyo kwenye ripoti. Ikishinda, tazama makosa ya siku za soko na za mvua peke yake. Data za Agosti hazitoshi kusemea masika, kwa hiyo omba ruhusa ya kurudi Aprili.