Namna ya Kutafuta Kazi kwa LinkedIn Ukiwa Mombasa

Kazi yangu ni kuzitafutia wafanyakazi kampuni za uwakala wa forodha na usafirishaji wa mizigo, pamoja na hoteli chache za Nyali na Bamburi. Wengi wa watu ninaowaita kwenye mahojiano siwapati katika zile bahasha za kaki zinazoachwa kwa bawabu, bali kwa kuandika maneno manne au matano katika kisanduku cha kutafutia cha LinkedIn. Mtandao huo ulifunguliwa Mei 2003, ukanunuliwa na Microsoft mwaka 2016, na sasa una wanachama zaidi ya bilioni moja, kwa hivyo kuwa na akaunti peke yake hakumtofautishi mtu na mwingine. La muhimu ni iwapo jina lako linajitokeza pale mwajiri anapotafuta mtu wa kazi yako katika mji wako. Tovuti kama BrighterMonday na Fuzu hutumika hasa kusomea matangazo. LinkedIn ni mahali ambapo wewe mwenyewe unaweza kutafutwa, na hatua zifuatazo zimepangwa kwa kuzingatia hilo.

Hatua ya 1: Kusanya maneno kabla ya kujaza chochote

Tafuta matangazo kumi hivi ya kazi unayoitaka, hata yale ambayo muda wake umekwisha, uyasome ukiwa na kalamu mkononi. Andika kila jina la mfumo, cheti, mashine au shughuli linalojirudia. Anayetaka ukarani wa forodha atakutana mara kwa mara na iCMS, yaani mfumo wa forodha wa Mamlaka ya Mapato (KRA), na mfumo wa KenTrade wa kuombea vibali, na cheti cha EACFFPC ambacho mawakala wa forodha wa Afrika Mashariki husomea. Mhasibu atakuta CPA, yaani cheti cha uhasibu cha KASNEB, mfumo wa kodi wa iTax na pengine programu ya hesabu ya QuickBooks. Mtu wa mapokezi hotelini atakuta Opera, programu ya kuendeshea hoteli. Hayo ndiyo maneno ambayo mimi na wenzangu huyaandika tunapotafuta, kwa sababu mwajiri ametupa hayo hayo katika maelezo ya kazi.

Yaliyo ya kweli kwako yatie katika wasifu kama yalivyoandikwa kwenye matangazo. Kwa kuwa matangazo mengi ya hapa huandikwa kwa Kiingereza, wasifu nao uandikwe kwa Kiingereza, kisha Kiswahili, Kiarabu au lugha nyingine uzitaje katika sehemu ya lugha pamoja na kiwango chako. Kijerumani huulizwa na hoteli kuliko vijana wengi wanavyodhani. Neno usilolijua usiliweke, maana swali moja tu la mahojiano litakufichua.

Hatua ya 2: Andika mstari ulio chini ya jina

Mstari huu una nafasi ya herufi 220 na huonekana kila mahali jina lako linapoonekana. Wengi huupoteza kwa kuandika kwamba wanatafuta kazi, au kwamba ni wahitimu wenye bidii na ndoto kubwa. Sijawahi kuombwa na mwajiri yeyote nimtafutie mtu mwenye ndoto. Andika cheo cha kazi unayoifanya au uliyosomea, kisha mambo mawili au matatu kutoka kwenye orodha ya hatua ya kwanza. Kwa mfano: karani wa forodha, makontena ya kuagiza na kusafirisha nje, iCMS, cheti cha EACFFPC. Katika sehemu ya makazi chagua Mombasa, wala usiishie kwenye jina la nchi, kwa sababu jambo la kwanza tunalochuja ni mji. Picha iwe ya uso, yenye mwanga wa kutosha, na ya kwako peke yako. Hilo halihitaji maelezo zaidi.

Hatua ya 3: Eleza kazi ulizofanya, vibarua vikiwemo

Sehemu ya kujieleza huchukua hadi herufi 2,600, lakini msomaji huonyeshwa mistari michache tu kabla ya kutakiwa abonyeze ili aone iliyobaki, kwa hivyo jambo zito zaidi liwe mwanzoni. Baada ya hapo, muda wako mwingi uutumie kwenye orodha ya kazi.

Hapa ndipo vijana wa Mombasa wanapojidhulumu. Mtu amefanya kibarua katika ghala la Shimanzi, akahesabu mizigo, akalinganisha hati na kilichoshushwa, akatia saini pamoja na dereva wa lori, kisha anaacha sehemu hiyo tupu kwa sababu hakuwa na barua ya ajira. Mwingine amesaidia duka la mjomba wake Kongowea kuweka hesabu na kulipa kodi kupitia iTax, naye huona haya kulitaja. Hiyo yote ni kazi. Andika mahali, kipindi na wadhifa kwa uaminifu, ukieleza wazi kwamba ilikuwa kazi ya muda au mafunzo ya chuo, halafu useme ulifanya nini kwa vitenzi vya moja kwa moja: nilikagua, niliandaa, nilifuatilia. Ukitaja kiasi, kiwe kile unachoweza kukitetea msimamizi wako wa zamani akipigiwa simu, kwa maana tutampigia.

Hatua ya 4: Rekebisha mipangilio

LinkedIn hukuruhusu kutangaza kwamba uko tayari kupokea kazi kwa njia mbili: kwa kila mtu, ambapo picha yako hupata fremu ya kijani, au kwa maafisa wa ajira pekee. Asiye na kazi achague ya kwanza bila kuona aibu. Aliye kazini achague ya pili, akijua kwamba mtandao hujaribu kuwaficha habari hiyo waajiri wa kampuni yake lakini haumhakikishii usiri kamili. Na Mombasa ni mji ambao habari huvuka Likoni kabla ya feri kujaa. Zima pia arifa zinazowatangazia watu mabadiliko ya wasifu wako kabla ya kuanza kuyafanya. Nambari ya kitambulisho, PIN ya KRA na tarehe kamili ya kuzaliwa zisionekane popote katika ukurasa wako.

Hatua ya 5: Waendee watu unaowajua kidogo

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alichapisha hoja kwamba habari za kazi mara nyingi hutufikia kupitia watu tusio na ukaribu nao sana, kwa sababu rafiki zetu wa karibu wanajua yale yale tunayoyajua sisi. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa ndani ya LinkedIn kwa watu zaidi ya milioni 20, nayo yaliiunga mkono hoja hiyo kwa marekebisho kidogo: waliosaidia zaidi mtu kuhama kazi ni wale ambao ukaribu wao si mkubwa, ila pia si wageni kabisa.

Kwa hivyo anza na waliosoma nawe, wakufunzi, wasimamizi wa zamani, na madereva na makarani wa kampuni nyingine mliokuwa mkikutana kwenye foleni za hati. Kisha fungua ukurasa wa chuo chako, tuseme Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa (TUM), uangalie sehemu ya wahitimu. Itakuonyesha wanafanya kazi wapi na katika fani gani, nawe unaweza kuwachuja kwa mji.

Akaunti isiyolipiwa huwekewa kikomo cha maombi ya kuunganishwa yenye ujumbe, na ujumbe wenyewe ni mfupi, kwa hivyo uwatunzie watu wa fani yako hasa. Usiombe kazi katika ujumbe wa kwanza. Mtu asiyekujua hana kazi ya kukupa na hana la kukujibu isipokuwa kukuambia usubiri, lakini swali moja linalojibika kwa dakika mbili hulijibu. Ujumbe wa namna hii unatosha:

"Shikamoo Bi. Fulani. Nami nilisoma usafirishaji TUM. Naomba kuuliza jambo moja: karani mpya wa forodha anayeanza kwenu hutakiwa awe na cheti gani? Ahsante."

Kwa mtu wa rika lako, habari za kazi inafaa zaidi. Kwa mtu mzima, shikamoo haijawahi kumharibia mtu wa Pwani ombi lake. Akijibu, mshukuru siku hiyo hiyo, fanya alilokuelekeza, kisha umwandikie ukishalifanya. Barua hiyo ya pili wachache sana huiandika, na ndiyo inayofanya jina lako likumbukwe nafasi inapotokea. Hapo sasa unaweza kumwambia waziwazi kwamba unatafuta kazi, ya aina gani, na kuanzia lini.

Hatua ya 6: Fuatilia matangazo

Tafuta cheo kwa kukiweka ndani ya alama za kunukuu ili maneno yasitawanyike, chagua Mombasa, halafu uweke arifa. Omba mapema, kwa sababu tunaanza kusoma kabla ya siku ya mwisho. Kitufe cha kuomba kwa haraka kinatumiwa na kila mtu, kwa hivyo ukishaomba tafuta mtu mmoja ndani ya kampuni hiyo kwa utaratibu wa hatua ya tano. Nafasi za mashirika ya umma, ikiwemo Mamlaka ya Bandari, zithibitishe katika tovuti ya shirika lenyewe.

Hatua ya 7: Mchunguze anayekuandikia

Ukishaanza kuonekana, matapeli nao watakuona. Ahadi zinazozoeleka hapa ni kazi za Ghuba na kazi za melini. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya imeuridhia, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Gharama anazoweza kubeba mwenyewe ni za cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Kwa hiyo wakala anayekudai pesa ili akupatie meli amekwisha kujieleza, nawe ulizia Mamlaka ya Usafiri wa Majini kama anatambuliwa. Kwa kazi nyingine za nje, tafuta jina la wakala katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Angalia pia wasifu wa anayekuandikia: akaunti ya juzi, isiyo na wafanyakazi wenzake, na inayoharakisha kukuhamishia WhatsApp, iripoti ndani ya LinkedIn kabla hujatuma nakala yoyote ya pasipoti.