Somo: Kutaja vyanzo kwenye insha na kazi mradi

Tuanzie kwenye daftari, orodha ya marejeleo itakuja baadaye. Wengi humaliza insha kwanza, halafu usiku wa kuamkia siku ya kukusanya ndipo wanajiuliza: hii sentensi niliitoa wapi? Hapo ndipo vyanzo vya kubuni huzaliwa.

Hatua ya 1. Kabla ya kusoma, funua ukurasa ulio nyuma ya ule wenye jina la kitabu. Nakili mwandishi, mwaka, jina la kitabu, toleo, mji na mchapishaji. Toleo ndilo linalosahaulika. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ilitoka 1981, toleo la pili likaja 2004. Ukiandika 1981 na maana uliitoa kwenye la 2004, anayekusahihisha atapekua asiione.

Hatua ya 2. Ukinakili neno kwa neno, weka alama za mtajo papo hapo daftarini, na namba ya ukurasa pembeni. Ukitaka kutumia maneno yako, funga kitabu, jisimulie kama unamweleza mdogo wako, ndipo uandike. Kubadili “muhimu” kuwa “ya maana” ni kunakili tu. Na hata maneno yakiwa yako, wazo lina mwenyewe: mtaje.

Hatua ya 3. Ndani ya insha inatosha (TUKI, 2004). Ukinukuu, ongeza uk. na namba.

Hatua ya 4. Orodha hufuata alfabeti ya jina la mwisho, kwa hiyo Shaaban Robert yuko kwenye R. Kamusi yetu itakaa hivi: TUKI (2004). Kamusi ya Kiswahili Sanifu, toleo la 2. Nairobi: Oxford University Press. Mkiambiwa mfuate APA, mmoja wa mitindo ya kuandika marejeleo, acheni mji. Toleo lake la 7 liliuondoa.

MASWALI

— Shikamoo mwalimu. Notisi za PDF za kwenye WhatsApp, hazina jina wala mwaka, nitaziandikaje?
— Marahaba. Usiziandike. Zikuoneshe njia tu, kisha katafute kitabu zilikotolewa.

— Bibi amenisimulia Vita vya Maji Maji alivyohadithiwa na mama yake. Naye ni chanzo?
— Tena chanzo kizuri! Kwamba vita vilianza 1905 kila mtu anajua, hilo halihitaji rejea. Simulizi la bibi linahitaji: andika mahojiano, jina lake, kijiji na tarehe mliyozungumza. Mwombe ruhusa kwanza.

— Wikipedia je?
— Shuka kwenye tanbihi zake, usome chanzo chenyewe. Usipokipata, usijifanye umekisoma.

— Mkuu, programu ya akili mnemba imenipa vitabu kumi vya marejeleo, vyote vinaonekana safi.
— Nenda navyo maktaba, kimoja kimoja. Programu hizo hutunga majina ya vitabu yanayofanana kabisa na ya kweli. Kisichopatikana, futa, pamoja na aya uliyoiegemeza juu yake.

— Hata aya?
— Hata aya.