Kupima hewa ukaa ya ardhi ya viwanda Lubumbashi

Kiwanda kikipewa ardhi karibu na bure, huomba hekta 10 na kujenga 2. Zile 8 zinalala, na miti ya miombo imeshafyekwa. Hapo ndipo soko la ardhi linapogusa hewa ukaa, na ndipo ninapoanzia kila ninapopima.

Hatua ya 1: Tafuta tarehe

Bila tarehe ya mageuzi ya soko la ardhi huna "kabla" wala "baada". China wanayo: mwaka 2006 serikali iliamuru ardhi ya viwanda itolewe kwa zabuni, mnada au tangazo la wazi, si kwa mapatano ya pembeni, na kuanzia 2007 bei ya chini kabisa ikawekwa. Kwetu Kongo, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliifanya ardhi kuwa mali ya Serikali. Kampuni hupata haki ya kuitumia kwa muda tu. Kwa hiyo tafuta mabadiliko ya hapa hapa: kodi kupanda, au parseli (viwanja) zilizolala kurudishwa kwa Serikali.

Hatua ya 2: Tembea kwa miguu

Chukua ramani ya kadastre (ofisi ya upimaji wa ardhi), nenda kartiye, yaani mtaa, ya viwanda kule komini ya Kampemba. Kwa kila parseli andika ukubwa, eneo lililo chini ya paa, mwaka wa hati na kazi inayofanyika.

Hatua ya 3: Hesabu mazuti (dizeli) kabla ya umeme

Hapa wengi wanapotea. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la Serikali, kwa sehemu kubwa unatoka kwenye maji, mabwawa ya Nzilo, Nseke na Inga, hivyo mita peke yake itakudanganya: haionyeshi mazuti ya jenereta. Niliwahi kuandika kwamba kiwanda fulani ni safi kwa kuwa nilisoma mita tu. Mlinzi wa usiku ndiye aliyenipeleka nyuma ya ghala kuona mapipa ya mazuti. Siku hizi mlinzi ndiye mtu wa kwanza ninayemsalimia.

Lita 1 ya mazuti hutoa kama kilo 2.68 za hewa ukaa. Jenereta inayokunywa lita 40 kwa saa, saa 6 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, inamaliza lita 6,000: tani 16 hivi kila mwezi.

Hatua ya 4: Hesabu miti iliyoondoka

Zidisha uzito mkavu wa miti kwa 0.47 upate kaboni, kisha kwa 44, gawanya kwa 12, upate hewa ukaa. Hekta iliyokuwa na tani 60 inatoa tani 103 ikichomwa yote. Hekta moja tu iliyolala ni sawa na jenereta ile kwa zaidi ya miezi sita! Sasa rudia kwa zile 8.

Hatua ya 5: Linganisha

Tafuta kartiye nyingine ambayo mageuzi hayakuifikia. Badiliko la kwako toa badiliko la kule. Kinachobaki ndicho unachoweza kukihusisha na mageuzi.

Usifunge daftari bado. Bei ikipanda, wa kwanza kuhama ni mafundi wadogo, wale wanaoyeyusha alumini na kumimina sufuria. Kampemba itaonekana imepoa, kumbe moshi umehamia komini ya Annexe, na makala (mkaa) yanachomwa kule kule. Uliza kila fundi aliyeondoka amekwenda wapi. Mfuate, uhesabu magunia yake ya makala, uyaingize kwenye jedwali lile lile.